Mahari ya Tairi na Mabeseni

Mliokaa wiki nzima mkigombana vibarazani kama ule mlango wa chumba cha wageni tuliouacha toleo lililopita ulifunguka au haukufunguka, acheni ugomvi. Ulifunguka.

Ulifunguka, na kitu cha kwanza kutoka kilikuwa tairi la baiskeli. Lilitoka lenyewe, likamgonga Asumani kwenye ugoko, likapita katikati ya miguu ya mgeni, likavuka ua likiyumbayumba hadi penye mafiga, likalala. Kitu cha pili kilikuwa jora la kitenge, ambalo lilimwangukia Asumani kwenye vidole vya mguu. Cha tatu hakikupata nafasi, maana Asumani aliusukuma mlango na kuubana kwa mgongo.

"Ndugu Asumani," alisema mgeni kwa upole, "lile ni nini?"

"Tairi," alisema Asumani.

Mgeni alikubali kwamba ni tairi.

Sasa, kwa wale ambao gazeti hili limewafikia likiwa limefungiwa vitumbua na wanasoma kwa bahati tu, Asumani Kalumbi ndiye mtunza hesabu wa wenye maduka wadogo wa Ujiji. Hana ofisi. Ana meza moja barazani, chupa ya wino, rula, na heshima. Kabla yake kodi ilikadiriwa kwa macho. Afisa alisimama mlangoni mwa duka, akatazama rafu, akatazama tumbo la mwenye duka, kisha akataja kiasi. Mzee Mwinshehe, muuza mabeseni na sabuni, alikadiriwa kwa tumbo mwaka nenda mwaka rudi, hadi ikawa kila msimu wa kodi ukikaribia hufunga, ingawa si Ramadhani.

Asumani ndiye aliyesema basi. Aliwafundisha kuandika kilichoingia na kilichotoka, kodi ikalipwa kwa kinachobaki. Alipeleka maombi hadi ofisi ya kodi ikachoka naye, ikamtuma Ndugu Leodgar, kijana mrefu mwembamba wa Songea, aje na gari moshi. Kesho asubuhi Ndugu Leodgar atapita duka kwa duka, vitabu mkononi. Bidhaa za rafuni zikilingana na za kitabuni, hesabu za Asumani zitakubaliwa Ujiji nzima na matumbo ya watu yatapumzika. Zisipolingana, Asumani asahau kazi hiyo, arudi bandarini Kigoma kubeba madebe ya mawese kama zamani.

Nyumba ya wageni Kigoma ilikuwa imejaa wajumbe wa semina. Asumani, kwa majivuno ya mwenyeji, akasema kwake kuna chumba kitupu. Asubuhi, alipotoka kwenda stesheni, kilikuwa kitupu kweli.

Haya. Tuendelee.

Asumani alimwambia mgeni kwamba chumba kinahitaji kufagiwa, akamkalisha barazani, akamletea chai, akarudi uani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Alipofika kona, alikimbia.

Mkewe, Mwanaima, alikuwa jikoni anageuza migebuka ndani ya mawese. Hakugeuza uso.

"Mwanaima, chumbani kuna nini?"

"Amana."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Za nani?"

"Asumani," alisema Mwanaima, "wewe umekulia wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Kwa watu wa Ujiji, mtu akija na mzigo wake akasema mama niwekee amana, unapokea. Humwulizi ndani mna nini, humtaji jina lake kwa mtu, hata mtu mwenyewe akiwa mumeo. Mama yake Mwanaima alikufa na amana ya Mkongo mmoja mvunguni, na Mwanaima anaifuta vumbi mpaka leo. Ndiyo sifa iliyomfanya Asumani amwoe. Alimpenda mke wake kwa jambo hilohilo, kwamba ungeweza kumwachia roho yako ukaenda Bujumbura, ukarudi ukaikuta.

Kwa hiyo hakuweza hata kumkasirikia. Tena hakuhitaji kutajiwa majina. Vitu vile alikuwa ameviandika mwenyewe kitabuni. Tairi ni za Marselino, fundi baiskeli na muuza vipuri wa njia ya Gungu. Mabeseni na katoni za sabuni ni za Mzee Mwinshehe. Vitenge ni vya Bi Mapendo, mjane mwenye duka karibu na soko, mwanamke mwenye sauti laini na bei ngumu.

Alielewa yote pale pale. Tangu enzi za Mwingereza, watu wakisikia Bwana Kodi anakuja, huondoa bidhaa rafuni. Baba alifanya hivyo, babu alifanya hivyo. Mwaka huu walikuwa wamekaa na Asumani, wakakubaliana kwa maneno mazuri kwamba safari hii vitu vibaki dukani. Vichwa vilikubali. Mikono haikuambiwa. Gari moshi lilipopiga honi tu, kila mmoja kwa siri yake akafunga mzigo, akajiuliza ni nyumba gani Bwana Kodi hawezi kuipekua. Wote watatu wakapata jibu moja, nyumba ya mtunza hesabu.

Hivyo rafu za Ujiji zilikuwa tupu, na vitabu vya Asumani, vitabu pekee vya kweli katika mji mzima, kesho vingeonekana vya uongo.

"Lazima vitu virudi kabla ya asubuhi," alinong'ona Asumani.

"Wenyewe wakija kuchukua, watapewa," alisema Mwanaima. "Samahani, unanizibia mwanga."

Lakini aliyekuwa anaziba mwanga hakuwa Asumani. Alikuwa Ndugu Leodgar, amesimama mlangoni mwa jiko bila viatu. Alieleza kwa adabu kwamba hakutaka kuwasumbua wenyeji, kwa hiyo aliingia mwenyewe chumbani kuweka mkoba. Aliketi kwenye kitu ili afungue kamba za viatu, kisha akasoma maandishi ya kile kitu.

"Nchi nzima watu wanatafuta sabuni," alisema, "na mimi nimeikalia. Ndugu Asumani, wewe ni mtunza hesabu au ni bohari?"

Maji yalikuwa yamemfika Asumani shingoni. Akisema ukweli, amevunja amana ya mkewe na kuwatia wateja wake hatiani kwa kuficha bidhaa, na hakuna mtu Ujiji atakayempelekea tena hata risiti. Akinyamaza, yeye ndiye mlanguzi, kupe mkubwa aliyejificha nyuma ya rula. Alifungua mdomo.

"Ni mahari," alisema Mwanaima.

Wanaume wote wawili walimgeukia.

"Mume wangu anaoa mke wa pili," aliendelea Mwanaima, huku akigeuza samaki. "Dini inamruhusu. Hiyo ni mahari yake. Mnapenda pilipili?"

Ndugu Leodgar alisema anapenda. Halafu, kwa kuwa alikuwa afisa wa kodi tangu tumboni mwa mama yake, aliuliza mtunza hesabu amepata wapi mali ya kuolea kiasi kile.

Mwanaima alijibu kwamba mumewe ameuza shamba la baba yake. Hiyo ilikuwa habari mpya kwa Asumani. Ndugu Leodgar akasema anavyojua yeye ardhi ni mali ya taifa, haiuzwi. Mwanaima akasema hiyo ardhi imebaki palepale, haijaguswa, iliyouzwa ni michikichi iliyosimama juu yake. Ndugu Leodgar akafikiri, akaona ni kweli michikichi si ardhi. Akasema mauzo ya michikichi nayo yana kodi yake. Mwanaima akasema ndiyo maana mume wake amemleta mgeni nyumbani, apate kuilipa.

Asumani alimtazama mke wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Miaka yote alidhani yeye ndiye mwenye akili ya hesabu katika nyumba ile.

Basi ingeishia pale, msomaji, kama si ukuta. Ukuta wa ua wa Asumani ni wa makuti, na ng'ambo ya makuti palikuwa na majirani wakitwanga kisamvu. Neno mahari lilipopenya, kinu kilinyamaza. Kikapigwa kigelegele kimoja cha majaribio. Kikajibiwa nyumba ya tatu. Kabla ya adhana ya magharibi, Ujiji yote ilijua kwamba Asumani Kalumbi anaoa, na kwamba mahari imejaa chumba hadi dari.

Wa kwanza kufika alikuwa Marselino, anatweta, baiskeli imetupwa njiani. Aliamkia kwa Kiha, mwiriwe, akaamkia na kwa Kiswahili, kisha akamshika Asumani mkono wa pongezi na hakuuachia. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa chumba.

Ndugu Leodgar, ambaye sasa alikuwa mkekani na sahani ya ugali wa muhogo na migebuka, alimkaribisha kama mwenyeji. Alisema anafurahi kuona mila za huku. Kwao Songea hajawahi kuona tairi katika mahari.

"Tairi," alisema Marselino kwa sauti ya mgonjwa.

"Bibi harusi anapenda baiskeli," alisema Mwanaima.

Marselino alimeza mate. Aliuliza kama inawezekana, kwa mfano tu, bwana harusi akamwazima rafiki hizo tairi mpaka siku ya harusi, maana rafiki ana shida. Ndugu Leodgar alimweleza kwa upole kwamba mahari haiazimwi, itaharibu nia. Marselino akaketi chini palepale. Mtu aliyeficha mali yake hawezi kuidai mbele ya yule aliyemficha, na Marselino alikuwa analijua hilo kwa mara ya kwanza, polepole, kama mtu anayeingia maji ya ziwa asubuhi.

Wa pili alikuwa Mzee Mwinshehe, amevaa kanzu safi. Wote waliinuka kidogo wakampa shikamoo, naye akaitikia marahaba zake moja moja bila haraka. Uzee dawa. Hakuuliza kitu. Alisema tu amesikia kuna mahari ya kupeleka, na kwa kuwa vijana wa siku hizi hawajui kubeba vyombo, amekuja kubeba mabeseni mwenyewe. Na sabuni pia. Ataanza sasa hivi.

"Vizuri sana, Mzee," alisema Ndugu Leodgar, akilamba kidole. "Na mimi nitakusindikiza. Tunapeleka kwa nani?"

Mzee Mwinshehe alikuwa ameshavuka kizingiti na beseni moja kichwani. Alisimama.

Hilo ndilo swali ambalo Mwanaima hakuwa amelitengenezea jibu. Alimtazama Asumani. Asumani aliitazama dari, ila walikuwa uani na dari haikuwepo.

Wakati huohuo lango la ua lilisukumwa, akaingia Bi Mapendo. Jasho lilikuwa likimtoka, na kitenge chake kipya kilikuwa na kasuku wa kijani wanaotazamana. Ndugu Leodgar alimtazama yeye. Akageuza shingo akalitazama lile jora lililoangukia mlangoni. Lilikuwa na kasuku wa kijani wanaotazamana.

Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyekuta hesabu imelingana.

"Kumbe bibi harusi ndiye huyu," alisema. "Ameshaanza kushonewa."

Bi Mapendo alikuja na hadithi yake aliyoitunga njiani, ya kuazima kinu. Haikupata nafasi. Ndugu Leodgar alimkalisha, akamweleza yote kwa utaratibu. Chumba kile kina mali. Ameambiwa ni mahari. Yeye si mtu wa kuingilia furaha za watu, lakini ni mtumishi wa umma, lazima ajiridhishe. Kama ni mahari, heri na baraka. Kama si mahari, basi ni bidhaa zilizofichwa, hazina mwenyewe anayejitokeza, na kesho zitapakiwa kwenye lori la serikali.

"Kwa hiyo nakuuliza, dada. Unamkubali Ndugu Asumani?"

Bi Mapendo hakujibu upesi. Alinyoosha shingo akachungulia chumbani. Aliona majora yake. Aliona tairi za Marselino zimepangwa hadi dirishani. Aliona mabeseni ya Mzee Mwinshehe, makubwa kwa madogo, na sabuni. Kila aliyekuwa pale uani aliona midomo yake ikitembea, na kila mfanyabiashara anajua midomo ikitembea vile mtu hasali.

"Nimekubali," alisema Bi Mapendo.

Marselino aliguna. Beseni lilimdondoka Mzee Mwinshehe likavingirika likilia ua mzima, na majirani ng'ambo ya makuti, wakidhani ni ngoma imeanza, walipiga vigelegele.

Lakini mzee ni mzee. Beseni halijatulia, tayari Mzee Mwinshehe alikuwa amepata njia. Alisema ni vema ijulikane kwamba Mapendo hana baba, na kwamba yeye, Mwinshehe, alikuwa jirani wa marehemu babake kule Kasingirima, jambo linalomfanya kuwa baba mdogo. Kwa hiyo mahari itapokelewa nyumbani kwake. Yote. Bi Mapendo akasema hakumsikia baba mdogo huyo siku alipokuwa anazika mume. Mzee akasema damu haisahau. Marselino akauliza kama bibi harusi hahitaji na kaka, maana yeye yuko tayari.

Walipokuwa wakigombania ubaba na ukaka, Mwanaima alirudi jikoni. Asumani alimwona akiinama kwenye moto uliokuwa hauna haja ya kupulizwa, akipuliza, akijifuta macho kwa upindo wa kanga. Moshi, angesema mtu. Asumani alijua si moshi. Mke wake alikuwa ametunga uongo ili kuilinda amana, na uongo umepata miguu, umevaa kitenge cha kasuku, umeketi kwenye mkeka wake. Moyo ulimuuma Asumani kwa namna ambayo hakuwahi kuumwa nao.

Mambo yakazidi kuharibika. Ndugu Leodgar, alipokwisha kunawa, alileta mkoba wake kutoka chumbani, akatoa vitabu alivyokabidhiwa na Asumani stesheni, akasema mradi wafanyabiashara wenyewe wamejileta, wanaweza kuanza kazi ya kesho leo. Alifungua cha Marselino.

"Hapa pameandikwa una tairi, ndugu. Nyingi. Kesho nitazikuta dukani?"

Marselino alitazama chumbani. Akatazama miguu yake.

Alifungua cha Mzee Mwinshehe. Mabeseni. Sabuni. Mzee alianza kukohoa na ikaonekana hatamaliza leo.

Ndugu Leodgar alifunga kitabu polepole. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke gari moshi, hakuwa na tabasamu.

"Ndugu Asumani. Nilisafiri nikiwaambia wakubwa wangu kwamba Ujiji kuna mtu anayeandika kweli tupu. Niambie mwenyewe. Rafu zao zina vitu au hazina?"

Hapo, wasomaji, ndipo kazi yote ya Asumani ilipokuwa imening'inia kwenye uzi. Alivuta pumzi. Alikuwa ameamua. Angesema yote, amana na wenyewe, na liwalo na liwe. Alifungua mdomo.

"Vitu ni vyangu," alisema Mwanaima.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, macho mekundu.

Alisema kwamba anaomba radhi. Hakuna mahari wala harusi. Alisema uongo kwa aibu, kwa sababu yeye, Mwanaima binti Feruzi, anauza bidhaa kwa jumla, na amekuwa akiifanya biashara hiyo nyuma ya mgongo wa mumewe. Mtunza hesabu asiyejua kwamba mke wake mwenyewe ni mfanyabiashara, nani atampa kazi? Ndiyo maana alificha. Na hawa watatu ni wateja wake. Vitabuni wameandikwa kwamba wamenunua, na ni kweli wamenunua. Wamelipa, hawajabeba. Leo wamekuja kubeba.

Hata Mzee Mwinshehe alisahau kukohoa.

Ndugu Leodgar alifungua vitabu upya. Alipeleka kidole kwenye mistari, akahesabu tairi kwa macho, akahesabu mabeseni, akapitia majora moja moja. Kila kitu kilikuwa sawasawa na maandishi. Lazima kiwe, maana ni vitu vilevile.

"Wamelipa, hawajabeba," alirudia. Lilimkaa vizuri mdomoni. "Hilo lipo. Hilo linaruhusiwa. Lakini kodi ya mwuzaji wa jumla utailipa wewe, Bi Mwanaima."

"Nitalipa."

"Na leseni."

"Na leseni."

Marselino na Mzee Mwinshehe hawakuweza kumtazama. Walijua deni walilovishwa, nalo halikuwa la fedha tu. Mwanamke aliyepokea mizigo yao bila kuuliza alikuwa amejitwika na kodi yake, na mumewe ameokoka bila jina la mtu yeyote kutajwa. Wakabeba. Marselino alivaa tairi shingoni na mabegani mpaka akabaki macho tu, akatoka akigonga nguzo za lango. Mzee Mwinshehe alipanga mabeseni kichwani, akabeba sabuni kwapani, na katika kutoka alimwambia Mwanaima neno ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akilisema kwa mtu mdogo kwake. Alisema shikamoo.

Ndugu Leodgar aliridhika. Alirudisha vitabu vyote mkobani, akauweka mkoba chumbani, akatoka akamwambia Asumani kwamba kesho atapita madukani kwa kukamilisha tu, na kwamba ripoti yake ameshaiandika kichwani. Ni ripoti nzuri. Asumani aliegemea ukuta. Ameshinda. Vitabu vyake vimekubaliwa, matumbo ya Ujiji yako huru, na mke wake ni lulu. Alitaka kumwambia hivyo mara tu mgeni akienda kuoga.

Kumbe kuna mtu mmoja hakuwa amenyanyuka mkekani.

"Dada, wewe hubebi?" aliuliza Ndugu Leodgar. "Majora yako bado yapo mle."

"Nayaona," alisema Bi Mapendo.

Hakukuwa na ile sauti laini ya dukani. Alikuwa amevua viatu na kuviweka pembeni, vimeelekea ndani.

"Ndugu Mgeni, wewe ni mtu wa serikali na kumbukumbu unazo. Uliponikalisha hapa, uliniuliza swali gani?"

Ndugu Leodgar alikumbuka. Alisema alimwuliza kama anamkubali Ndugu Asumani.

"Uliniuliza habari za tairi?"

"Sikukuuliza."

"Au sabuni?"

"Hapana."

"Basi mahari imekwenda zake, na iende. Mimi sikuulizwa mahari. Niliulizwa mtu, nikajibu mbele ya watu wazima, na majirani wakapiga vigelegele. Tangu nifiwe, huyu ndiye mwanaume pekee aliyekuja dukani kwangu akanieleza jambo bila kuniibia. Nimesema nimekubali. Mjane hasemi neno hilo mara mbili."

Ng'ambo ya makuti, kinu kilichokuwa kimeanza tena kutwanga kilinyamaza.

Mwanaima aliweka mwiko chini. Hakumtazama Mapendo hata kidogo. Alimtazama mume wake, yule ambaye tangu alasiri amemtungia shamba, amemwuzia michikichi, amembebea kodi.

"Asumani," alisema. "Na wewe umekubali?"

Jibu la swali lile ni fupi, na mtoto angelitoa bila kuacha kucheza. Lakini Asumani Kalumbi ni mtunza hesabu, na mtunza hesabu hajibu kitu kabla hajakipitia kichwani mara ya pili. Akafanya kosa ambalo hakuna rula ya kulinyoosha. Alinyamaza kidogo ili afikiri.

Mwanaima aliuona ule unyamavu. Alikaza kanga kiunoni, akaingia chumba cha wageni, akafunga mlango, na komeo likasikika likishuka kwa ndani.

"Mkoba wangu," alisema Ndugu Leodgar.

Mle ndani sasa mlikuwa na vitu viwili tu, majora ya Bi Mapendo, na mkoba wenye hesabu zote za Ujiji. Asumani aliuparamia mlango, akaita jina la mke wake, akaliita tena. Kilichosikika ni kitu kinachanika.

Kitenge kikichanwa hutoa sauti ndefu. Karatasi hutoa fupi. Asumani alibandika sikio kwenye ubao, Bi Mapendo akaja akabandika lake upande wa pili, kila mmoja akimwomba Mungu kiwe cha mwenzake.

Sauti ilikuwa fupi.